Kura Tatu: Twende au Tususie?

Dar es Salaam, mwanzoni mwa 1958. Mkutano mkuu wa TANU uliokaa Tabora mwezi wa Januari umepitisha kwamba chama kitaingia katika uchaguzi wa kura tatu. Tabora wameamua, uswahilini bado wanabishana. Wanaosema hapa ni kuli wa bandarini anayekaa Temeke, karani wa duka la jumla anayekaa Magomeni, na mama muuza vitumbua wa Kinondoni.

KULI: Nieleze tena, bwana mdogo, maana mimi kusoma kwangu ni kwa kubahatisha. Naingia chumbani, napewa karatasi. Nataka kumchagua Mwafrika mwenzangu. Natia alama kwa Mwafrika, natoka zangu. Kura yangu inahesabiwa?

KARANI: Haihesabiwi, mzee wangu. Sharti utie alama tatu: Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja, Mzungu mmoja. Ukimwacha hata mmoja, karatasi yote imeharibika.

KULI: Basi hayo ni mauzo ya wakati wa vita. Unataka sukari, mwenye duka anakwambia sukari haitoki mpaka uchukue na sabuni yake iliyokaa. Mimi hiyo sabuni siitaki. Na dawa ya duka la namna hiyo naijua: huingii.

KARANI: Usipoingia, duka linafungwa? Hapo ndipo pana shida. Majimbo ni 10, kila jimbo viti vitatu. TANU ikikaa nje, viti vya Waafrika havitabaki vitupu. UTP, chama cha wapinzani wetu, watawatafuta Waafrika wao wa kuvikalia, wanyooshe mikono wanapoambiwa, halafu Gavana Twining aandike London kwamba Waafrika wa Tanganyika wamechagua na wameridhika.

KULI: Aandike. Uongo wake, karatasi yake. Mimi sitaki uongo huo uwe na alama ya mkono wangu. Waafrika nchi hii tumepita milioni 8. Wazungu ni kama 20,000. Wahindi hawafiki 100,000. Tangu 1955 Baraza la Kutunga Sheria lina wajumbe 10 wa Kiafrika, 10 wa Kiasia, 10 wa Kizungu, wanaliita jambo hilo usawa. Bandarini kuna mizani, bwana mdogo. Karani wa mizani akikuwekea gunia la katani upande huu na punje ya mchele upande wa pili, kisha akakwambia zimelingana, unamwita nani?

KARANI: Namwita mwizi. Nyerere naye amemwita hivyo hivyo, kwa maneno ya adabu. Hakuna aliyesema Tabora kwamba kura tatu ni haki. Tunachobishania ni namna ya kuiondoa, tukiwa ndani au tukiwa nje.

KULI: Ndani mmekaa lini mkaondoa kitu? Baraza la Kutunga Sheria lilianza 1926. Mwafrika wa kwanza aliingia 1945, na waliowekwa ni machifu wawili, Shangali na Kidaha. Miaka 19 walitunga sheria za kodi yetu bila sisi kuwemo, na alfajiri askari wakizunguka nyumba kwa nyumba kutaka stakabadhi. Ulikuwa mtoto wewe. Mimi nililala juu ya dari la mwarobaini nikimpisha askari apite.

KARANI: Dari la mwarobaini, mzee wangu?

KULI: Nimesema dari? Tawi. Cheka, lakini kodi ilikuwa shilingi, na shilingi sikuwa nayo.

KARANI: Sikucheki. Nisikilize hili moja. Sharti la alama tatu limewekwa ili kutufunga sisi, lakini kamba ile ile imewafunga na wao. Mzungu anayetaka kiti hawezi kukipata kwa kura za Wazungu wenzake, maana ni wachache. Katika majimbo mengi atahitaji kura ya mwalimu wa Kiafrika, karani wa Kiafrika, mganga msaidizi wa Kiafrika. Atakuja TANU kubisha hodi. Na TANU itamuuliza swali moja tu: unakubali kwamba nchi hii ni ya kutawaliwa na wengi? Akikubali, anapewa kura. Akikataa, arudi kwake. Aliyetega mtego ndiye atakayenasa mguu.

KULI: Umewataja mwalimu, karani na mganga. Endelea kuhesabu. Kuli umemsahau au hayumo?

KARANI: Wapiga kura wana masharti. Uwe umefika miaka 21, na uwe na elimu ya Darasa la Nane, au kazi ya madaraka fulani, au pato la pauni 150 kwa mwaka.

KULI: Shilingi ngapi hizo?

KARANI: 3,000.

KULI: Gawanya kwa miezi.

KARANI: 250 kila mwezi.

KULI: Nani gatini anazipata? Nitajie mmoja tu, nikambebee robota lake leo. Kwa hiyo mimi simo. Unanibembeleza kwa karatasi ambayo sitapewa!

KARANI: Ndiyo maana nashangaa, mzee wangu. Unatishia kususia kitu ambacho hukualikwa.

KULI: Na mimi nakushangaa wewe, umekikubali kwa niaba yangu.

MAMA: Mmefika nilipokuwa nawangoja. Mimi Darasa la Nane sina. Vitumbua havinipi 250. Kadi ya TANU ninayo tangu 1955, mwaka ule Bibi Titi alipopita kwenye vikundi vya lelemama akitwambia tuingie. Tuliingia, wanawake maelfu, wakati wanaume wengi wenye Darasa la Nane wanaogopa kufukuzwa kazi. Tulificha kadi za waume zetu ndani ya kanga. Leo karatasi imefika, anaambiwa mwenye kanga akae kando, mwenye Darasa la Nane apite. Nataka nisikie kila mmoja wenu, mwenye kwenda na mwenye kususia, mimi nimewekwa wapi.

KULI: Umewekwa na mimi, dada yangu. Kando. Ndiyo sababu nasema tulio kando tufanye kazi ya kando. Mwaka 1947, mwezi wa tisa, tuliweka mizigo chini hapa bandarini. Hatukuomba kiti kwenye baraza la mtu. Mgomo ukapanda reli, ukaingia bara, na mishahara ikaongezwa. Hatukuwa na Darasa la Nane hata mmoja wetu katika kikosi chetu.

KARANI: Na mwaka 1950?

KULI: Hata 1950 tuligoma.

KARANI: Malizia, mzee wangu.

KULI: Polisi wakaja na bunduki. Watu wakatiwa ndani. Chama chetu cha makuli kikafutwa. Sina haja ya kuficha, nilikuwepo.

KARANI: Mgomo ule ule, bandari ile ile, miaka mitatu katikati. Mara ya kwanza serikali haikujiandaa, mara ya pili ilikuwa tayari. Mgomo wa mara moja hupata ongezeko la mshahara. Kumtoa mtawala ni kazi nyingine. Bandu bandu huisha gogo.

KULI: Gogo huisha kwa shoka. Sijaona aliyelimaliza kwa kucha. Kuna baharia mmoja wa Kimarekani, mtu mweusi kama mimi, tulikaa naye kwenye kivuli cha banda akisubiri meli yake. Akaniambia kwao nako walitawaliwa na huyu huyu Mwingereza. Wakatozwa kodi na baraza lililokaa ng'ambo ya bahari, ambalo hawakuwa na mtu wao ndani. Wakachoka, wakapanda melini usiku, wakaitupa chai yote baharini. Chai, bwana mdogo! Shehena! Walikuwa watu wa bandari.

KARANI: Ni kweli. Mji unaitwa Boston, mwaka 1773. Na baharia wako alikwambia kilichofuata?

KULI: Meli yake ilipiga honi.

KARANI: Mwaka uliofuata Mwingereza aliifunga bandari ya Boston. Nani alikosa kula bandari ilipofungwa? Wenye mashamba? Na kuna jambo jingine. Miaka mitatu kabla ya chai ile, askari wa Kiingereza waliwapiga risasi watu katika mtaa wa mji huo. Mmoja wa waliotangulia kuanguka alikuwa baharia mweusi, Crispus Attucks. Wamarekani wanamtaja mpaka leo kama shujaa wa uhuru wao. Lakini uhuru ulipopatikana, watu weusi kwa mamia ya maelfu walibaki watumwa, na baadhi ya walioandika kwamba watu wote ni sawa walikuwa na watumwa majumbani. Hasira ilitupa chai baharini. Haikumfungua aliyetangulia kufa.

KULI: Asante. Umenisaidia kusema nilichoshindwa kukisema tangu tuanze. Anayekufa anatoka Temeke, kiti kinakwenda Magomeni. Hiyo ndiyo hofu yangu. Bado unaniambia nitulie?

KARANI: Nakwambia njia ya damu haikulindi na hofu hiyo.

KULI: Na njia ya karatasi inanilinda? Karatasi yenyewe imeanza kwa kunitoa nje.

MAMA: Mwanangu, hapo amekushika. Mjibu.

KARANI: Namjibu kwa Ghana. Nkrumah aliiponda katiba ya Waingereza mchana kweupe, kisha akaingia katika uchaguzi wa katiba hiyo hiyo, 1951, akiwa gerezani. Akashinda, akatolewa gerezani, akakabidhiwa serikali. Mwezi wa Machi mwaka jana nchi yake ikapata uhuru, na Nyerere alikuwepo akiangalia bendera inashuka. Miaka sita tangu aingie kwa mlango aliokuwa akiutukana.

KULI: Alifungwa kwa kosa gani?

KARANI: Kwa mgomo wa 1950.

KULI: Basi sema hadithi kuanzia kichwani. Aligoma kwanza, akatisha kwanza, akafungwa kwanza, ndipo akapiga kura. Nyinyi mnataka kuanzia mkiani. Na jirani hapa, Kenya? Mwaka jana walichaguliwa Waafrika wanane, akina Mboya na Odinga. Wakapewa uwaziri wakaukataa. Hiyo ndiyo kususia.

KARANI: Wamesusia wakiwa ndani, mzee wangu. Kwanza walipigiwa kura, wakakaa kwenye viti, ndipo wakasema hapana, na hapana yao ikasikika mpaka London. Aliye nje ya mlango akisema hapana, nani anajua kama alisema?

KULI: Sawa, tuje kwetu. Mwaka jana serikali ilimfungia Nyerere asihutubie hadharani. Matawi ya TANU yamenyimwa kuandikishwa, mengine yamefungwa. Mwezi wa Desemba Nyerere mwenyewe alijiuzulu Baraza la Kutunga Sheria, akisema serikali haisikii. Tulimshangilia. Mwezi mmoja baadaye, Tabora, anatwambia twende kutafuta viti katika baraza hilo hilo. Baraza limebadilika nini ndani ya wiki sita?

KARANI: Baraza halijabadilika. Kiti ndicho kilichobadilika. Kile alichojiuzulu alipewa na Gavana, na cha kupewa kina mwenyewe. Ukisema neno la kumuudhi mwenye kiti, unakumbushwa ni cha nani. Cha kupigiwa kura ni chako. Nyerere alitema cha kupewa ili akitafute cha kushinda.

KULI: Maneno matamu. Zuberi Mtemvu alikuwa kiongozi wa TANU, na matamu hayo hakuyameza. Ametoka, anaunda chama chake, anasema Afrika ni ya Waafrika. Si mjinga yule.

KARANI: Si mjinga, na woga hana. Lakini muulize, baada ya kususia, siku ya pili yake anafanya nini? Mimi sijamsikia akijibu.

KULI: Na wewe nikuulize ya siku ya pili yako. Mkishinda vyote, viti 30 vyote, upande wa serikali bado una wajumbe wengi kuliko nyinyi. Mtapaza sauti, watapiga kura, mtashindwa. Kisha?

MAMA: Hilo nami nalitaka. Mume wangu ni mpishi Oysterbay. Anakuwa nyuma ya mlango wa jikoni, wao wako mezani, wanadhani Kiingereza hakisikii. Kabla ya Tabora alinihadithia walivyocheka. Walisema, TANU watasusa, Waafrika wana hasira fupi, tutachukua viti vyote kimya kimya. Baada ya Tabora ameniambia hawacheki tena. Nimemuuliza mara mbili, una hakika? Akaniambia supu ilirudi haikuguswa.

KARANI: Umesikia, mzee wangu?

MAMA: Ngoja, sijamaliza, usinichukue upande wako. Supu ya mtu haijawahi kunishibisha mimi. Jambo la kumuudhi Mzungu si lazima liwe la kunifaa. Ninapokaa Kinondoni, Oysterbay iko hapo mbele. Kule barabara zina taa, kwetu mvua ikinyesha tunavua viatu. Mji huu waliugawa mafungu matatu tangu zamani: Uzunguni, Uhindini, Uswahilini. Sasa wanaugawa kwenye karatasi, safu tatu zile zile. Ninachoogopa ni kwamba tukishazoea kutia alama tatu, tutakubali kuwa ndivyo nchi ilivyoumbwa.

KARANI: Hatutazoea. Wapo Wahindi, akina Amir Jamal wa Asian Association, wanaotaka safu hizo zifutwe kama sisi. Tukiwapigia kura watu wa namna hiyo, safu tatu zinatoa sauti moja. Baraza zima likisema neno moja, Gavana atamwambia nani kwamba rangi tatu haziwezi kukubaliana? Hiyo ndiyo sababu pekee anayoitoa kutucheleweshea uhuru. Tunamnyang'anya sababu.

KULI: TANU yenyewe haimpokei Mhindi wala Mzungu kuwa mwanachama. Hawafai kadi, wanafaa kura?

KARANI: Hilo ni kweli, na linaniuma. Siku moja itabidi tulijibu.

KULI: Siku moja! Wameru walinyang'anywa ardhi 1951, nyumba zikachomwa. Kirilo Japhet akapanda ndege mpaka Umoja wa Mataifa kuwashitaki Waingereza. Akasikilizwa kwa heshima zote. Ardhi ilirudi?

KARANI: Haikurudi.

KULI: Ujumbe wa Umoja wa Mataifa ukaja 1954, ukasema huenda tutajitawala baada ya miaka 20 au 25. Hesabu umri wangu uongeze 25. Mnanialika kwenye arusi itakayonikuta kaburini.

KARANI: Hata hiyo miaka 25 Waingereza waliikataa kwa hasira, waliona ni karibu mno. Lakini fikiri: kwa nini ujumbe huo unakuja hapa, hauendi Kenya? Kwa sababu nchi hii si koloni lao, wamewekewa amana na Umoja wa Mataifa. Ndiyo silaha pekee tuliyo nayo ambayo hawawezi kutunyang'anya, na silaha hiyo inataka ushahidi wa karatasi: wangapi wamepiga kura, wamemchagua nani. Kenya walishika mapanga, wakapata hali ya hatari, kambi na kamba ya kunyongea. Sisemi walikosea, nasema walikuwa hawana mlango wetu. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

KULI: Kuinama! Miaka 20 nimeinama chini ya gunia, mgongo huu haujanyooka sawasawa tangu vita. Kama kuinama kungeleta uhuru, makuli wa Dar es Salaam tungekuwa tumeshatawala dunia. Mwambie methali hiyo mtu ambaye hajawahi kuinama.

MAMA: Mmepigana vya kutosha kwa methali. Mwanangu, Tabora walisema na jambo la pili. Serikali ya madaraka isipopatikana 1959, ifanyike nini?

KARANI: Walisema tutachukua hatua.

MAMA: Hatua gani?

KARANI: Hatua ya vitendo. Mgomo wa nchi nzima, pengine. TFL ya akina Kawawa ipo, ndiyo iliyounganisha vyama vya wafanyakazi.

KULI: Rudia hapo. Karatasi ikishindwa, nani atagoma? Walimu na makarani?

KARANI: Bandari. Reli. Mashamba ya mkonge.

KULI: Mimi, basi.

KARANI: Wewe, mzee wangu. Sikufichi. Nyerere akikaa mezani na Gavana, kinachomfanya Gavana asikilize si Kiingereza cha Nyerere. Ni wewe uliyesimama gatini mikono mitupu.

KULI: Kwa hiyo mimi ni shoka mlilolifunga kwenye gunia. Mnaligonga kidogo ukutani ili mtu asikie chuma, halafu mnalificha. Sawa. Lakini nijibu: kama uzito wa karatasi yenu ni mimi, mbona jina langu halimo?

KARANI: Kwa sababu karatasi hiyo hatukuiandika sisi. Tukiingia, ya pili tutaiandika sisi.

KULI: Na ukiingia ukaona kiti kinakufaa? Ukaona hiyo 250 kwa mwezi si sharti baya sana, inawazuia watu wa fujo? Walioingia mahali kwa mlango mwembamba ndio wa kwanza kuona mlango ule unafaa.

KARANI: Hapo siwezi kukuapia. Naweza kukwambia tu kwamba usiponituma mimi, atatumwa mwingine ambaye hata hana deni kwako.

MAMA: Safu ya Kizungu utatia alama kwa nani, mwanangu?

KARANI: Sijui bado. TANU itatuletea majina.

KULI: Basi hata wewe mwenye Darasa la Nane utachagua jina uliloletewa.

KARANI: Hata mimi.

MAMA: Siku hiyo sitauza vitumbua. Nitasimama kwenye mstari na kadi yangu ya TANU.

KARANI: Kadi ya TANU haipigi kura, mama.

MAMA: Najua. Watanirudisha. Nataka wanirudishe mbele ya watu, kila aliye nyuma yangu aone nimerudishwa kwa nini.

KULI: Nitasimama nyuma yako, dada yangu, ingawa ni siku ya kazi. Lakini nataka kusikia neno moja kwa huyu. Sisi wawili tukirudishwa mlangoni, bwana mdogo, wewe utaingia au utageuka nasi?

KARANI: Nitaingia.

KULI: Umejibu upesi.

KARANI: Ningekawia ungesema nakudanganya.

MAMA: Ingia, mwanangu. Lakini ukitoka, pita tulipo sisi. Usipite mlango wa nyuma.